Kiota Chini ya Zulia

Ukitaka kumchokoza Bi Futi, mwambie ufuo umependeza. Atakukata jicho kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, halafu atakuuliza, "Umependeza? Umeuangalia, au umeupita tu?" Na ukijibu ovyo, tafuta pa kukaa kabisa, maana utapewa vidonge vyako vyote na maji ya kumezea hutapewa.

Ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Watu wameshamwona nayo hata msibani. Chumba chake cha kazi kiko uchochoroni nyuma ya soko: cherehani mbili, moja haifanyi kazi lakini hataki kuitupa, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na safu ya nguo za wateja walioapa kwamba wanazihitaji kesho, na kesho yenyewe ikapita tangu mwaka juzi. Wateja wanamwogopa kidogo. Ukivuta tumbo ndani wakati anakupima, anakupiga konzi la mgongo na kukwambia upumue, kwani gauni halitavaliwa na mtu asiyepumua.

Bahari hakuijua. Hajui kuogelea mpaka leo, na samaki alikuwa anafahamiana naye kwenye sahani tu. Ni magoti yaliyompeleka. Daktari alimwambia kwamba kukaa kwenye cherehani kutwa nzima kumeyakausha, atembee asubuhi, tena kwenye mchanga. Akaanza kutembea huku akinung'unika, kanga kiunoni, viatu mkononi. Asubuhi moja akamkuta kasa amelala kwenye mwani. Kasa mkubwa, gamba lake pana kupita sinia ya shughuli. Shingo ilikuwa imenaswa kwenye kipande cha wavu. Bi Futi, ambaye mkasi hauachi nyumbani, akapiga magoti kumfungua. Uzi ulikuwa umeshazama kwenye nyama. Alikata, akavuta, akakata tena, mpaka akagundua kwamba anamhangaikia mzoga.

Watu walikuwa wamekusanyika wanapiga picha. Mmoja akamwomba asogee kidogo, anaziba.

Uzi anaujua Bi Futi. Ameishi na uzi maisha yake yote. Aliukagua ule wavu akaona fundo, akaona mahali ulipotiwa kiraka, akajua kwamba kuna mtu aliyeushona kwa mikono yake na kuna mtu aliyeutupa kwa mikono yake, na hakuna hata mmoja atakayeulizwa. Hasira iliyompanda siku ile haijashuka. Mumewe, dereva mstaafu wa malori ambaye majirani humwita Mzee Breki, huwa anasema kwamba mke wake alikwenda kutibu magoti akarudi na ugonjwa mwingine.

Basi akajiandikisha kwenye kikundi cha wajitolea wa ufuo. Kujitolea kwenyewe si lelemama. Kila wawili wamepewa kipande chao, na kila wiki wanakitembea chote, kwenda kwa ukingo wa maji na kurudi kwa juu kwenye mimea. Unaandika ulichokiona: ndege walio hai, ndege waliokufa, kasa, pomboo akitokea, nyavu, kamba, kandambili, vifuniko. Taka huokoti kabla hujaiandika. Mzoga unapigwa mstari wa rangi kwenye gamba au bawa, ili anayepita baada yako asiuhesabu mara ya pili. Mwenzake kwenye kipande hicho ni kinyozi wa pale stendi, mwanamume mwembamba mwenye maneno mengi, anayedai kwamba alijiunga ili apate mahali pa kuongea bila kumkata mtu sikio.

Sasa kulikuwa na jambo la viota. Zamani kikundi kilikuwa kinaweka vibao kila kasa anapotaga: TAFADHALI USIGUSE, MAYAI YA KASA. Viota vikawa vinachimbwa vyote, kimoja baada ya kingine. Wezi wa mayai hawakuhitaji hata kutafuta. "Tumewaandikia menyu," Kinyozi alisema. Wakabadilisha mtindo. Tangu hapo kiota kikawa kinawekewa kijiti kilichookotwa palepale, kimefungwa kipande cha kamba ya plastiki ya buluu, na chupa kuukuu imeegeshwa pembeni. Ukipita unaona takataka, unaendelea na safari yako. Ndiyo ilikuwa shabaha. Siri hiyo wanayo wajitolea peke yao, na Bi Futi aliilinda hata kwa mumewe.

Msimu ule ulikuwa mbaya. Mbwa walifukua viota kadhaa, maji makubwa yakachukua vingine, na vingine vikaondoka na mtu mwenye gunia. Kwenye kipande cha Bi Futi kikabaki kimoja tu, juu kwenye sehemu tambarare, karibu na mimea inayotambaa. Alikuwa anakwenda kukitazama kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Mayai yalikuwa yamekaribia kuanguliwa. Nyumbani akawa anasema "wale watoto", na Mzee Breki anauliza watoto gani tena, wa kwao si wameshaoa na kuolewa?

Jumapili moja akaja wifi yake kula chakula cha mchana. Huyu wifi, dada wa Mzee Breki, ni afisa usafi wa manispaa. Mwanamke wa mafaili na miwani ya kuning'inia, anayependa mambo yaende kwa ratiba. Wanataniana hao toka harusini. Yeye humwita Bi Futi "Malkia wa Kaa", naye huitwa "Mama Ndoo". Siku ile alikuja anang'aa.

"Wifi, safari hii utanishukuru mwenyewe," alisema hata kabla hajanawa. "Jumamosi tunausafisha ufuo wako mzima. Fulana, muziki, mgeni rasmi. Kampuni ya maji imekubali kudhamini."

"Kampuni gani ya maji?"

"Si hii ya maji ya chupa."

Bi Futi akaweka kijiko chini. Chupa za kampuni hiyo ndizo zilizokuwa zikiongoza kwenye fomu zake wiki nenda wiki rudi. Nembo yao alikuwa anaijua kuliko sura za wakwe zake.

"Yaani taka ni zao, halafu wao ndio wanatununulia fulana tukaokote?"

"Hawatupi wao, wifi. Wanatupa watu."

"Na hao watu wenu wakishaona kiu juani hapo Jumamosi, mtawanywesha nini?"

Wifi akajishughulisha na chumvi. Mzee Breki akakohoa kuficha kicheko, mke wake akamkazia macho, kikohozi kikapona.

"Haya, safisheni," Bi Futi akasema. "Siwezi kukataa usafi. Lakini nataka kitu kimoja. Mkifika kwenye mstari wa mwani, hapo hapo muishie. Kule juu asipande mtu, isipande reki, lisipande gari wala hema."

"Kuna nini kule juu?"

Bi Futi akasita. Mwaka uliotangulia, mtu mwenye gunia alipoonekana kwa mbali akikimbia, mgongoni alikuwa na fulana ya vibarua wa ofisi hiyohiyo ya usafi.

"Kuna kitu changu," alisema. "Nipe neno lako."

"Neno langu unalo. Mbele ya kaka yangu huyu. Hatupandi juu."

Jumamosi asubuhi Bi Futi alisikia muziki kabla hajaiona bahari. Spika zilikuwa zinatikisa mabati ya vibanda vya mbali. Ufuo umejaa fulana za kijani, watu wanacheka, wanavuta mifuko, wanapigana picha na glavu mikononi. Kwa kweli moyo wake ulitaka kufurahi kidogo. Halafu akainua macho akaona hema.

Hema jeupe, kubwa, lenye pindo za dhahabu. Lilikuwa limesimama juu, kwenye sehemu tambarare. Chini yake viti vilivyovishwa vitambaa, meza yenye maua, na zulia jekundu toka mwanzo mpaka mwisho. Baadaye aliambiwa sababu: mgeni rasmi hapendi viatu vyake viloe, na ukikaa pale bahari inaingia vizuri kwenye picha.

Kinyozi alikuwa anamjia mbiombio, mikono kichwani, kwa mara ya kwanza hana la kuchekesha.

"Bi Futi, kijiti hakipo. Wameshapita. Wamezoa kila kitu."

Walikikuta kwenye mizani. Makundi yalikuwa yanashindana nani ameokota kilo nyingi, na kwenye mfuko mmoja uliofura, kati ya kandambili na chupa, kikachungulia kijiti chenye kamba ya buluu. Bi Futi akakichomoa. Dada mmoja mchangamfu mwenye kofia akamshika mkono.

"Mama, hicho kirudishe, tumeshakipima. Utatupunguzia kilo."

"Mmekitoa wapi?"

"Kule juu. Kulikuwa kumechafuka kweli kule!"

Unamwambiaje mtu kama huyo? Ametoka kwake asubuhi, siku yake ya mapumziko, ameinama juani kwa hiari yake, ameona taka akaokota taka. Bi Futi hakumtukana. Alikihifadhi kijiti kwenye mkunjo wa kanga akaenda kumtafuta mwenye kosa.

Wifi alikuwa na simu mbili na ratiba mkononi. "Neno lako liko wapi?" Bi Futi akamuuliza.

"Wifi, nisikilize. Msaidizi wa mgeni rasmi amepiga simu jana, amesema hema likae juu. Ningefanyaje? Na watu wakaanza kusafisha karibu na hema, haiwezekani mgeni akae kwenye takataka."

"Chini ya hilo zulia kuna kiota cha kasa. Mayai yana watoto ndani. Liondoe."

Wifi akatoa macho. Kwa kitambo kidogo sura yake ilikuwa ya mtu anayetaka kufanya jambo la maana. Halafu ving'ora vikasikika barabarani, na sura ikarudi ya kazini.

"Baada ya hotuba," alisema. "Nakuomba. Usinitie aibu leo."

Mgeni rasmi akafika, akaketi, akakunja nne. Bi Futi naye akapanda. Hakuna aliyemzuia, kwa sababu mwanamke mwenye futi shingoni anayetembea kwa haraka kila mtu anadhani ameitwa kurekebisha kitu. Akapita safu ya kwanza, akainama mbele ya yule mkubwa.

"Mheshimiwa, shikamoo. Naomba unyanyue mguu."

"Unasemaje, mama?"

"Umekalia kiota cha kasa. Naomba msogee nyote, tutoe zulia, mayai yanakandamizwa."

Watu wakaangua kicheko, lakini mgeni rasmi mwenyewe hakucheka. Tumpe haki yake. Akatazama chini kati ya viatu vyake. "Kiko wapi hasa? Nionyeshe."

Na hapo Bi Futi akakwama. Kijiti kilikuwa kwenye kanga yake. Mimea iliyokuwa ikimwongoza ilikuwa imefyekwa, mchanga umesawazishwa kwa reki, na zulia lilikuwa limefunika kila kitu. Kingeweza kuwa chini ya meza, chini ya spika, au chini ya kiti cha pili. Kuchimba kwa kubahatisha ni kuwaua wale watoto mwenyewe. Akageuka huku, akageuka kule, akanyoosha kidole na kukirudisha.

"Kiko hapa hapa," akasema. "Hapa ndani."

Safu ya nyuma wakacheka zaidi. Wifi akawa ameshafika, amemshika kiwiko, anatabasamu kwa meno yote. "Utusamehe, mheshimiwa. Huyu ni wifi yangu, mjitolea wetu hodari sana. Ana presha. Jua limemzidi."

Presha! Bi Futi ambaye katika maisha yake hajawahi kulazwa hata siku moja, ambaye ametembea ufuo ule mvua na jua wakati hao wenye viti hawajui hata unaanzia wapi. Aliyelivunja neno lake ndiye aliyeonekana mwenye busara, na aliyekuja kudai ndiye mgonjwa.

"Mpeni maji mama yetu," mgeni rasmi akasema kwa huruma.

Akapewa chupa. Ile ile, yenye nembo ile ile, baridi, inatiririka jasho. Aliikamata kwa namna ambayo Kinyozi aliruka na kumnyang'anya, maana alishawahi kuona mkono huo ukirusha pasi.

Akakaa nje ya hema, kwenye mchanga wa jua kali, akazisikiliza hotuba zote. Alisikia kwamba bahari leo inapumua. Alisikia kwamba kampuni inayapenda mazingira kama mboni ya jicho. Zikatangazwa kilo, watu wakapiga vigelegele, na ndani ya kilo hizo ilikuwemo chupa aliyoiegesha kwa mkono wake. Kila mtu aliyepita kwenye zulia kwenda kupeana mkono, Bi Futi alikuwa anauangalia mguu wake unapotua. Kinyozi alimshauri waende wakanywe kitu warudi baadaye. Akakataa.

Mchana wageni wakaondoka na vumbi lao. Vibarua wakaanza kufungua hema. Lilikuwa limefungwa kwa vigingi vya chuma, virefu kama mkono wa mtu mzima, vilivyopigwa kwa nyundo mpaka vikazama. Wifi akaja na bahasha ndefu, cheti cha Bi Futi, alichotakiwa kukabidhiwa jukwaani. Alikuwa ameandaa maneno ya kubembeleza. Ilionekana kwenye namna alivyokuwa akitembea.

"Wifi, yameisha salama," alianza. "Sasa twende tukatafute hicho—"

"Hiki kigingi kimechomwa kwenye nini?" kibarua mmoja akauliza.

Alikuwa amekivuta cha kona ya nyuma. Kilitoka kimelowa. Nusu yake ya chini ilikuwa na uteute wa njano, mchanga umeugandia, na kwenye ncha kilikuwa kimeng'ang'ania kipande cha ganda laini, jeupe. Yule kibarua akanusa, akakitupa chini, akajifuta kwenye suruali.

Bi Futi hakupiga kelele. Kinyozi anasema ni hapo yeye alipoogopa. Alipiga magoti, akaondoa mchanga kwa vidole, kidogo kidogo, mpaka akayafikia mayai. Ya juu yote yalikuwa yamechanika. Mle ndani hamkuwa na viini tu. Mlikuwa na kasa, wamekamilika, wadogo kama kishikizo kikubwa cha koti, wana magamba, wana mapezi, wana macho. Walikuwa wamebakiza kutoka tu. Akamtoa mmoja akamlaza kwenye kiganja, akamnyanyulia wifi yake amwone vizuri.

"Piga magoti," akamwambia.

"Wifi—"

"Piga magoti. Afisa si wewe?"

Wifi akapiga magoti na sketi yake ya ofisi. Bi Futi akamshika mkono, akauingiza shimoni kando kando ya ukuta, taratibu, ukapita penye unyevu na yale maganda yaliyopasuka. Wifi akafumba macho. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko.

"Chini zaidi. Unasikia nini?"

"Ya mviringo," wifi akanong'ona. "Haya hayajapasuka. Yako mengi. Wifi, kuna moja linacheza. Linacheza!"

"Usilitoe. Usiligeuze. Toa mkono polepole, tufunike."

Walirudishia mchanga. Wifi alikuwa analia, machozi yakichirizika kwenye ile miwani ya kuning'inia, na mikono michafu hawezi kujifuta.

"Ungeniambia ni mayai," alisema. "Jumapili ile, ungeniambia tu kwamba ni mayai."

"Ningekwambia ni mayai, ungenipa neno lingine? Lenye nguvu kuliko lile ulilonipa?"

Nyuma yao lori la kubebea hema lilikuwa limeshawashwa, linarudi kinyumenyume kupanda kwenye tambarare, dereva ametoa kichwa dirishani, anapiga honi wamwachie njia. Wifi akainuka. Akaenda kusimama nyuma ya lori, akaligonga bodi kwa kiganja kilichojaa ute wa mayai.

"Gari halipiti hapa."

"Lakini afisa, asubuhi wewe ndiye uliyeniambia nipite hapa."

"Nilisema mimi. Sasa nasema halipiti. Likae kule barabarani, vitu vitabebwa kwa mikono."

Vibarua wakaguna. Barabara ilikuwa mbali na mchanga ulikuwa unachoma. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wao waliambiwa kubeba mwisho saa nane, na kwamba kama ni kubeba, basi abebe mwenye amri. Wifi akavua viatu. Akashika ncha moja ya lile zulia, akalivuta begani, akaanza kushuka nalo, anajikwaa, zulia linamburuza upande. Kinyozi akakimbia kumshika ncha ya pili.

Bi Futi alikichomeka kijiti chake cha kamba ya buluu upya, akakaa kando yake, akauelekeza mgongo kule walikokuwa wanapita. Wifi alirudi kuchukua vitambaa. Alirudi kuchukua meza. Alirudi kuchukua viti, viwili viwili, kila safari anapunguza mwendo karibu na alipokaa mwenzake, anahema kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, anangoja. Alibeba mpaka kiti cha mwisho, na Bi Futi hakumwambia pole.